Mashine ya Lita Tano

Vimal alikuwa amelala kifudifudi juu ya godoro, shavu moja limezama kwenye mto, mkono wa kulia umeteleza hadi sakafuni. Kidoleni mwake kilibanwa kile kidude cha plastiki cha kupimia oksijeni ya damu, ambacho Shobha, mhudumu wa afya wa mtaa, alikizungusha katika nyumba kumi na saba kila asubuhi. Shobha alichuchumaa akasubiri namba zitulie.

"Themanini na nne," alisema.

"Jana jioni ilikuwa themanini na nane," Prabhakar, mumewe Vimal, alisema.

"Najua, shemeji. Niliandika mimi."

Ilikuwa saa mbili tu asubuhi, lakini bati la paa lilikuwa limeshaanza kulia kwa jua la Aprili. Jana walizunguka na bajaji katika hospitali tatu za Nagpur. Ya tatu, mlinzi hakufungua hata geti. Aliwaambia kupitia kwenye vyuma kwamba ndani wagonjwa wanalala wawiliwawili kitanda kimoja, kisha akamtazama Vimal akauliza jina lake. Vimal akalitaja. "Wa kwako bado anaongea," mlinzi akasema. "Mrudishe nyumbani."

"Mtungi wa oksijeni umepatikana?" Shobha aliuliza.

"Mwenye mitungi amezima simu."

"Hata huo mtungi ungeisha kwa saa chache. Inayofaa ni mashine, ile ya kuchomeka kwenye umeme. Ya lita tano ingemvusha." Shobha alikichomoa kidude, akakifuta kwa pamba. "Lakini usiniulize inapatikana wapi. Wenye nayo hawasemi."

"Baba Pallavi," Vimal aliita kutoka kwenye mto. Siku hizi maneno yake yalikuja mawilimawili. "Nenda kazini. Ukikaa hapa… utanitazama tu."

Prabhakar alikuwa na miaka hamsini na moja. Ishirini na sita kati ya hiyo alipuliza klarineti katika bendi ya harusi, akitembea mbele ya farasi wa bwana harusi na koti lenye vifungo vya dhahabu. Harusi zilipopigwa marufuku kwa ajili ya korona, bendi ilivunjika, akaingia kubeba maboksi ya kampuni inayouza vitu mtandaoni. Ukikosa siku moja, programu ya simu ilikushusha hadi mkiani. Ukikosa mbili, haikufunguka tena, na hapakuwa na mtu wa kumpigia kuuliza kwa nini.

Alivaa barakoa mbili, akainama kugusa kisogo cha mkewe. Kilikuwa kimelowa.

"Nitapita tena saa nne," Shobha alisema. "Weka simu karibu."

Amri ya serikali ilisema wazi kinachoruhusiwa kusafirishwa: chakula, dawa na vitu vya lazima, basi. Lakini tangu amri itoke, maboksi yaliongezeka badala ya kupungua. Watu walikuwa wamefungiwa ndani na simu mkononi. Mwezi huo Prabhakar alikuwa amepeleka mapazia yenye picha za tausi, bwawa la kujaza upepo, taji la mbwa la siku ya kuzaliwa. Yote yalipita kwenye vizuizi vya polisi yakiwa na kibandiko cha CHAKULA au DAWA. Halafu wiki iliyopita polisi wa kizuizi walifungua boksi la DAWA wakakuta taa za mapambo. Walimchapa dereva fimbo za miguuni mpaka akashindwa kupanda pikipiki yake. Aliyeagiza alirudishiwa pesa zake.

Ndipo Agnihotri, msimamizi wa ghala, alipochapisha vibandiko vipya, virefu, vyenye maelezo, msalaba mwekundu na mahali pa muhuri.

Asubuhi hiyo, alipotoka kwa Vimal, Prabhakar alipewa boksi moja kubwa, la kilo kumi na tano hivi. Alikisoma kibandiko, akakisoma tena.

MASHINE YA OKSIJENI. LITA TANO. USICHELEWESHE.

Alimfuata Agnihotri, aliyekuwa nyuma ya kioo akinywa chai.

"Bosi, hii ni kweli?"

"Ipi?"

"Hii ya kwenda kwenye maghorofa ya Civil Lines."

"Imeandikwa nini?"

"Mashine ya oksijeni."

"Basi ni mashine ya oksijeni." Agnihotri hakuinua macho. "Kaka Prabhakar, wewe umeanza lini kuuliza? Mtu anaagiza, sisi tunabandika, wewe unapeleka. Kila mtu ana kazi yake, na wote tunakula."

"Nauliza kwa sababu mke wangu—"

"Kila mtu ana mgonjwa. Nenda, muda wako unahesabika."

Kwenye kizuizi foleni ilikuwa ndefu. Konstebo mmoja alikiona kibandiko kutoka mbali, akapiga filimbi, akawasukuma wengine pembeni kwa fimbo. "Oksijeni! Mpisheni." Watu wakasogea. Mzee mmoja kwenye skuta alilitazama boksi likipita mpaka shingo yake ikagoma kugeuka zaidi. Hakuna aliyewahi kumpisha Prabhakar namna hiyo. Akajikuta anaendesha polepole, kana kwamba amebeba mtoto mchanga.

Chini ya mwarobaini karibu na maghorofa alisimama, akapiga namba ya mteja.

"Ndiyo, nani?" Sauti ya mwanamke, televisheni ikisikika nyuma yake.

"Mama Lodha, mimi ni wa mzigo. Ile mashine."

"Hatimaye! Nimeisubiri wiki nzima. Waachie walinzi getini, wataipulizia dawa."

"Mama, samahani. Hapo kwako kuna mgonjwa?"

"Ni ya mama mkwe. Analalamika kutwa, hakuna anayepumzika humu ndani."

"Anapumua vizuri?"

Mama Lodha alicheka. "Anapumua kuliko mimi. Ni miguu tu, na uzee. Kwani vipi?"

Prabhakar alifuta jasho kwa mkono wa shati. "Mama, mke wangu yuko themanini na nne. Hospitali zimemkataa. Naomba mniazime, siku mbili tu. Nitairudisha mwenyewe, nimeisafisha. Nitaacha kitambulisho changu getini."

Sauti ya Mama Lodha ikabadilika.

"Nikuazime kitu changu kipya? Sikiliza, baba. Nasikitika kuhusu mkeo. Lakini na nyinyi mnajua kututumia. Sisi tungeweza kuacha kuagiza, tukakaa tu kama serikali inavyotaka. Halafu nyinyi mngekula nini? Tunaagiza ili mpate kazi. Sasa fanya kazi yako, acha mzigo getini."

Simu ikakatika.

Alikaa juu ya pikipiki, mguu mmoja chini. Mita hamsini mbele aliliona geti, na walinzi wawili na bomba lao la dawa. Ajuza anayeumwa miguu. Wataiweka kabatini kwa akiba, alifikiri, wakisubiri siku watakapoihitaji, na siku hiyo huenda isifike. Aliendelea kuwaza hivyo kwa muda, akitafuta mahali ambapo wazo hilo lingevunjika, lakini halikuvunjika. Simu ikalia mkononi. Ilikuwa Shobha.

"Shemeji, themanini na moja. Midomo imebadilika rangi."

"Nakuja nayo," Prabhakar alisema.

"Na nini?"

Alikuwa tayari amegeuza pikipiki. Kwenye kizuizi walimpisha tena.

Vimal hakugeuza kichwa aliposikia mlango. Prabhakar aliliweka boksi sakafuni nyuma yake, akakata utepe kwa kisu cha vitunguu. Shobha alikisoma kibandiko na kuweka mkono mdomoni. "Umeitoa wapi?" Kisha akasema, "Hapana, usiniambie." Akaanza kusogeza ndoo na viti, akitafuta soketi.

Ndani kulikuwa na beseni la plastiki la rangi ya waridi. Chini ya beseni, vijigurudumu vyenye meno. Kulikuwa na rimoti, pakiti ya chumvi yenye harufu ya maua, na kijitabu chenye picha ya mwanamke wa kizungu amefumba macho, suruali ameikunja hadi magotini, miguu yake ndani ya maji yenye mapovu.

Shobha alikichukua kile kijitabu akakifungua ukurasa mmoja mmoja hadi mwisho, kama mtu anayetafuta ukurasa uliopotea.

Prabhakar alilitoa beseni, akaingiza mkono ndani ya boksi tupu, akapapasa kila pembe.

"Imefika?" Vimal aliuliza.

Prabhakar aliligeuza boksi juu chini, akalitikisa.

"Baba Pallavi. Imefika?"

"Imefika," alisema.

"Iwashe."

Alimtazama Shobha. Shobha akaangalia pembeni. Prabhakar aliingiza plagi kwenye soketi, akabonyeza. Vijigurudumu vikaanza kuzunguka bila maji, vikinguruma taratibu.

"Naisikia," Vimal alisema. Mabega yake yalilegea kidogo. "Bomba lake… utaniwekea?"

"Inapata moto kwanza."

Aliketi sakafuni akamshika mkono. Shobha alikwenda uani na simu yake, akapiga namba moja baada ya nyingine, kila mara akianza kwa maneno yaleyale: jina, umri, themanini na moja. Robo saa baadaye ilikuwa sabini na tisa, na polisi wawili walikuwa mlangoni pamoja na Agnihotri. Simu ya kazi ilikuwa imewaonyesha mpaka uchochoro.

"Acheni nimsubiri tu mtu wa kunipokea kumuuguza," Prabhakar alisema. "Mnamwona hali yake."

"Oksijeni ya watu iko wapi?" polisi mmoja aliuliza.

Kituoni, Inspekta Bhoyar alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. Lile beseni lilikuwa mezani pake, kati ya faili na chupa ya kitakasa mikono. Boksi lilikuwa sakafuni. Agnihotri aliketi kwenye kiti, Prabhakar alisimama.

"Afande, ni ya kukandia miguu," Prabhakar alisema. "Iko mbele yako."

"Mimi nina hati ya kusafirishia." Bhoyar aligonga karatasi. "Ina muhuri. Imepita kwenye kizuizi chetu mara mbili kama mashine ya oksijeni, na askari wangu wameandika hivyo kwenye daftari. Unataka kusema wameandika uongo?"

"Nasema uangalie."

"Bwana Agnihotri, ghala lako lilitoa nini?"

"Kilichoandikwa," Agnihotri alisema.

"Bosi, unanijua mimi," Prabhakar alisema. "Unajua kilichokuwa ndani."

Agnihotri alivuta barakoa yake juu, akaongea taratibu, karibu kwa huruma. "Kaka, nikisema vingine ghala linafungwa kesho. Watu mia mbili na arobaini. Utawaeleza wewe?"

Bhoyar alimpigia Mama Lodha, akaweka sauti hadharani. Alimuuliza kama ni kweli aliagiza mashine ya kukandia miguu wakati huu ambapo imekatazwa, na watu wanakufa.

Televisheni iliyosikika nyuma yake ikazimwa.

"Hapana," Mama Lodha alisema. "Nani kasema hivyo? Jengo zima litasikia. Mimi niliagiza ya… hiyo iliyoandikwa. Ya mama mkwe wangu. Ni mgonjwa sana."

"Mama, uliniambia anapumua kuliko wewe," Prabhakar alisema.

"Huyo mtu yuko hapo? Sitaki kuongea naye." Akakata.

Karani aliandika kwa mkono: kuiba kifaa cha kuokoa maisha wakati wa janga. Alimgeuzia karatasi.

"Nikitia saini nitapiga simu nyumbani?"

"Ukishapigwa picha," Bhoyar alisema. "Magazeti yako nje. Wakubwa wanataka watu waone tunafanya kazi."

Akatia saini. Konstebo alilirudisha beseni ndani ya boksi, na rimoti, na chumvi, akalifunga kwa utepe mpya, vizuri kuliko ghala lilivyofunga.

Uani kulikuwa na foleni ya watu waliokuja kuomba vibali vya kusafirisha wagonjwa, na wengine maiti. Jua lilikuwa utosini. Walimsimamisha Prabhakar ukutani, polisi kila upande, boksi mbele ya miguu yake. Maneno yakapita kwenye foleni haraka: huyu ndiye, kaiba oksijeni. Mwanaume mmoja aliyenyoa kichwa kwa msiba akamtemea mate. Yakaangukia kifuani.

Mwanamke mmoja alitoka kwenye foleni. Alikuwa na fomu mkononi, ya kumpeleka mumewe mji wa Wardha. Alilisoma boksi, akamwendea Bhoyar.

"Afande, nyinyi hapa hamna mgonjwa. Mume wangu yuko kwenye gari pale nje. Nipeni mpaka kesho."

"Ni kielelezo cha mahakama, mama."

"Mpaka jioni tu."

"Mama, rudi kwenye foleni."

Hakurudi. Alichutama, kisha akaketi kabisa kwenye vumbi, akalikumbatia boksi kwa mikono yote miwili, kidevu juu yake. Konstebo alimshika bega ili amwinue.

"Dada, humo hamna kitu," Prabhakar alisema. "Nakuapia. Ni beseni la miguu."

Mwanamke alimtazama kutoka chini.

"Uliyemwibia alikuwa anakufa," alisema, "na bado unadanganya."

"Afande, naomba simu yangu sasa."

"Subiri."

"Mwacheni huyo mama hapohapo," mpiga picha alisema, akipiga goti. "Inapendeza hivyo. Ila mama, mkono wako unaziba maandishi. Usogeze kidogo."

Mwanamke akausogeza mkono.