Sanduku la Mkaguzi

Sheria ya sanduku ilikuwa ya kipuuzi, na hilo nililijua tangu mwanzo. Gari la mbio za saa ishirini na nne lilitakiwa liwe na nafasi ya sanduku la nguo, eti ni gari la safari! Hapa Le Mans, mji wa mbio hizo, kazi ya kuyapima magari kwa sanduku hilo ilikuwa yangu. Lilikuwa sanduku la mbao, tupu, na halikuwahi kusafiri popote zaidi ya uwanja wa ukaguzi.

Anselme Gaudry, fundi bati na rafiki yangu tangu shuleni, alilijenga gari lake kwa miaka mitatu nyuma ya nyumba. Kwa ajili ya sanduku hilo alihamisha tangi la mafuta, akauinua mkia wa gari aliokuwa ameulaza chini vizuri kabisa. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Lilikuwa gari lake la kwanza, na alijua ndilo la mwisho.

Siku ya ukaguzi watu walijaa. Nikalitumbukiza sanduku. Kifuniko cha nyuma kikagoma kufunga, kikabaki wazi nusu kidole.

"Sukuma, Fernand," Anselme akasema. "Linaona haya tu mbele za watu."

"Nimesukuma."

"Nimepima mara kumi, bwana wee! Kitabu chenu cha sheria kinasemaje?"

"Mambo ya kitabu achana nayo. Sanduku ndilo hili."

Mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Mpunguzieni soksi!" Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Majira ya baridi sanduku lilikuwa limeanguka na kupasuka pembe, nami nikazipigilia vipande vya bati kwa mkono wangu. Lilikuwa limenenepa. Wengine walipita kwa sababu waliacha nafasi ya ziada; Anselme alifuata vipimo vya kitabu. Neno moja tu lingetosha. Lakini watu walikuwa wananitazama, na kwa miaka nilijigamba kwamba sanduku langu halikosei. Nikaandika: limekataliwa.

Anselme alilipangusa gari vumbi, akaondoka nalo bila kunitukana. Heri angenitukana.

Baada ya misimu miwili sheria ikafutwa. Magari yakaja yamelala chini, na mikia kama ule alioubuni kwanza. Sanduku nikalipeleka nyumbani, likakaa chini ya ngazi miaka kumi na moja. Mke wangu alitaka kulitilia vitunguu. Nilikataa, na sababu sikumwambia. Niliona aibu.

Mwaka jana nikajikaza, nikampelekea Anselme. Nilimkuta anakula mkate. Nikaliweka mezani.

"Vile vibati vya kwenye pembe..." nikaanza.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilivipapasa siku ile, ulipogeuka kuandika. Mimi fundi bati, Fernand. Misumari imepinda vile, nani mwingine kama si wewe?"

"Sasa mbona hukusema?"

Akamega mkate, akautazama.

"Nilikuwa nakungoja wewe useme."