Mstari wa Pili

Kila nikialikwa kuzungumza na vijana huulizwa swali lile lile: ilikuwaje ukaanza kupenda kompyuta? Jibu langu ninalo tayari, limepigwa pasi. Nasema nilikuwa karani mdogo wa shule, nikaona kioo kikiwaka, nikaandika jina langu, jina likajaa kioo kizima, na tangu siku hiyo nikanogewa. Watu hupiga makofi. Hakuna uongo humo, ila nakatisha pale ninapopendeza. Sasa jarida la chuo chetu limeniomba kurasa mbili juu ya swali hilo hilo, na mimi nimechoka kujisikiliza. Safari hii nitaendelea hadi mwisho.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kazi nilitafutiwa na mama mdogo, karani mkuu wa shule, ambaye ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa na miaka tisa. Mama na mama mdogo walikuwa mapacha. Sebuleni kwetu kulikuwa na picha moja tu ukutani, ya wasichana wawili waliovaa magauni ya kitambaa kimoja, wameshikana mikono na kununa. Hili nalisema mapema ili ujue kwamba sina kisingizio.

Ofisi yetu ilikuwa na meza mbili, mashine ya kuchapa na kabati la mafaili lililofunguka kwa kupigwa teke. Mama mdogo alikuwa na rula ya mbao, imelika upande mmoja kwa kutumika. Hakuna orodha iliyotoka ofisini kabla hajaipitisha rula hiyo chini ya kila mstari, midomo ikicheza bila sauti. Walimu walimtania kwamba hata akiandikiwa barua ya mapenzi ataipitishia rula kwanza. Alikuwa akiwajibu kwamba ndiyo maana hajaolewa na mjinga.

Mwaka huo shule ikapewa kompyuta moja. Ilitengewa chumba kilichokuwa stoo ya majembe, kikapakwa rangi na kuwekewa pazia. Mkuu wa shule alitoa amri kwamba mtu asiingie humo na viatu, kwa sababu vumbi litaiua, na kwamba ikizimwa ifunikwe shuka nyeupe. Basi walimu wakakiita chumba cha mgonjwa. Kila asubuhi wakipita mlangoni waliniuliza, "Mgonjwa ameamkaje?" Mimi nilikuwa ndani na soksi zangu, moja ina tundu kwenye kidole gumba, na mkuu akiingia nilikuwa nasimama mguu mmoja juu ya mwingine nilifiche.

Pamoja na mashine kilikuja kitabu kinene. Nusu ya kwanza ilieleza jinsi ya kuchapa barua, na hiyo ndiyo niliyoambiwa niisome. Nusu ya pili ilieleza jinsi ya kuipa mashine maagizo yako mwenyewe, na hiyo hakuna aliyeniambia. Niliisoma kwa kamusi, jioni baada ya kengele ya mwisho. Unielewe: nyumbani na kazini mimi ndiye niliyetumwa. Leta faili, peleka barua, kamwite mwalimu fulani. Sasa nikapata kitu cha kukituma mimi. Nikikiambia fanya hili mara mia, kinafanya mara mia bila kununa, na nikikosea hakinigombezi, kinasimama tu na kunionyesha mstari niliokosea. Kichwa kilinivimba kwa raha.

Mkuu akaanza kuniita Fundi. Siku moja akaniambia kuna nafasi moja ya kusomea kompyuta chuoni, mwaka mzima, kwa wafanyakazi wa shule. "Orodha ya watahiniwa mwaka huu itoke kwenye mashine," akasema. "Bodi ikiiona na namba za mtihani zikirudi salama, barua yako naisaini siku hiyo hiyo." Aliniacha nimesimama na soksi zangu, na tundu nikalisahau.

Orodha ya watahiniwa ilikuwa kazi ya kuchosha. Kulikuwa na daftari la uandikishaji na kulikuwa na orodha za walimu wa madarasa, na mtoto yule yule angeweza kuwa na jina la shule huku na jina la nyumbani kule. Kila mwaka mama mdogo alitumia wiki mbili kuwatenganisha, akimfuata mwalimu mmoja mmoja na kumuuliza, huyu na huyu ni mmoja au wawili? Mimi nikaona hiyo ni kazi ya mashine. Nilichapa orodha zote mbili, nikaandika programu yangu ya kwanza ya maana. Kwa kuwa jina la mtoto halikuaminika, niliiambia isilitazame. Itazame jina la baba, tarehe ya kuzaliwa na darasa. Vikifanana vyote vitatu, huyo ni mtoto mmoja: bakiza mstari wa kwanza, futa mistari inayofuata. Niliona hoja imenyooka kabisa.

Programu ilimaliza kwa dakika nne. Mama mdogo alisimama mlangoni na viatu mkononi, akatazama karatasi ikitoka kwenye printa.

"Niachie niipitie kwa rula," akasema. "Kesho asubuhi utaipata."

"Mama mdogo, mashine haipitiwi kwa rula."

"Kwani itaumia?"

"Mkuu anaisubiri sasa hivi. Na ukiipitia wewe, watasema umeifanya wewe."

Akavaa viatu vyake, akarudi ofisini. Mimi nilikuwa nimesema neno hilo la mwisho kwa kicheko, kama utani, lakini wote wawili tulijua sitanii. Mkuu aliisaini orodha mchana huo, na wiki iliyofuata bodi ikaja kumwona mgonjwa, watu wazima saba na soksi zao, nikawaonyesha.

Baada ya miezi kadhaa namba za mtihani zilirudi, jioni ya kuamkia siku ya kwanza ya mtihani. Asubuhi zikabandikwa ubaoni. Watahiniwa walisogea, kila mmoja akatafuta yake, wakaanza kuingia. Akabaki msichana mmoja, anapandisha kidole ubaoni na kukishusha. Alikuwa pacha. Dada yake alikuwa na namba. Yeye hakuwa nayo.

Msimamizi wa mtihani hakuwa mtu mbaya. Alieleza mara tatu, taratibu, kwamba bila namba hakuna karatasi, na kwamba muda wa kuongeza majina ulikwisha miezi miwili iliyopita. Atasubiri mwaka ujao. Dada yake alitaka kutoka naye, mwalimu wa darasa akamsukuma ndani, mlango ukafungwa. Yule aliyebaki akaja kukaa kwenye kizingiti cha chumba changu, pembeni ya viatu vyangu, kwa sababu aliambiwa majina yalitoka humo.

Mimi nilikuwa ndani nimeshaifungua programu. Nilimwona mabega yake kupitia upenyo wa pazia, yakitikisika. Nikaanza kusoma maagizo yangu mstari kwa mstari. Nilijaribu kwa majina mawili ya kubuni, yakapita. Nikajaribu kwa manne. Nikabadilisha tarehe, nikarudisha. Hapa ndipo ninapotaka kuandika jambo ambalo sijapata kumwambia mtu: nilimsahau yule msichana. Kwa dakika ishirini au zaidi hakukuwa na mtihani wala mtoto wala mlango. Palikuwa na kosa limejificha mahali, na mimi nalifuata, na sijawahi kuwa macho namna ile maishani mwangu. Halafu nikaliona. Baba mmoja, siku moja, darasa moja. Daftari lilikuwa na mistari yao miwili, orodha ya mwalimu miwili mingine, na mistari yote minne programu yangu ilikuwa imeifanya mmoja. Ilikuwa imefanya sawasawa nilivyoiambia. Nikapiga makofi.

Nilipiga makofi kweli, mara mbili, kwa furaha.

Msichana akainuka. Alivua viatu vyake, akavipanga vizuri karibu na vyangu, akaingia akifuta uso kwa mkono wa sweta. Akaniuliza, "Limeonekana jina langu, dada?"

Ukiniuliza ni saa ngapi hasa nilianza kuipenda kazi hii, ilikuwa ndani ya hizo dakika ishirini. Jina lililojaa kioo lilikuwa mchezo. Kazi niliipendea pale, mtoto akilia mlangoni. Nimeona aibu kwa hilo kila siku tangu hapo, na kazi sijaiacha.

Nilimjibu kwamba bado naangalia. Akarudi kukaa.

Saa nne mkuu akatuita ofisini mimi na mama mdogo. Barua yangu ya chuo ilikuwa juu ya meza yake, nimeiona kwa macho yangu, haijasainiwa. Akauliza ni nani aliyemruka mtoto wa watu. Nilivuta pumzi. Nilikuwa na sentensi tayari kinywani, naapa, ilikuwa na maneno manne tu. Nikatazama ile barua.

"Ni mimi," mama mdogo akasema. "Nilimsaidia kuchapa. Nikaruka mstari."

"Wewe?" Mkuu hakuamini. "Na rula yako?"

"Macho yamechoka, mkuu."

Mkuu akanigeukia. "Ndivyo ilivyokuwa, Fundi?"

Nikatazama chini, kwenye viatu vyangu. Nikaitikia kwa kichwa.

Mama mdogo alihamishiwa stoo ya madaftari. Miaka kumi na moja, hadi anastaafu, aligawa daftari na chaki kwenye chumba kisicho na dirisha, yeye ambaye hakuwahi kuruka mstari. Hakunilaumu. Nilipokwenda chuoni alinifungia nguo zangu na kuniwekea jozi sita za soksi mpya. Nilivaa za zamani mwaka mzima, zile mpya sikuweza kuzigusa.

Yule pacha alifanya mtihani mwaka uliofuata, akafaulu vizuri. Nasikia yeye na dada yake hawakuwahi tena kusoma darasa moja. Leo anauza kwenye duka la dawa, hatua chache kutoka ninapoishi. Mimi dawa zangu nanunua mbali, nikipanda gari na kushuka, nimefanya hivyo miaka mingi na nikiulizwa nasema kule wana bei nafuu.

Jumamosi nilimpelekea mama mdogo kurasa hizi kabla ya kuzituma. Nilimkuta sebuleni chini ya ile picha, miguu ameiweka kwenye kigoda. Nikamwambia ni makala ya jarida na kwamba yumo. Akavaa miwani.

"Nipe rula yangu. Iko kwenye droo."

Akasoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Nilikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Ilimchukua nusu saa. Alipofika penye makofi, rula ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Niliyasikia," akasema alipomaliza. "Nilikuwa ofisini, dirisha liko wazi. Nikajua umeliona kosa na nikajua ni lako."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Nilimwambia mkuu vile ili usiikose barua wakati unajipanga. Nilidhani utachukua wiki moja hivi, mbili."

Ilikuwa imepita miaka ishirini na sita. Nilitaka kupiga magoti, akanizuia kwa rula, akaigusisha begani kwangu.

"Kaa. Nina swali. Wale watoto, ulichaguaje wa kubaki?"

"Sikuchagua, mama mdogo. Aliyetangulia kwenye daftari alibaki. Mstari wa pili ndio uliofutwa."

"Na daftarini anatangulia nani?"

"Mkubwa. Aliyezaliwa kwanza."

Aliinua macho akaitazama picha ukutani, muda mrefu, kama vile ni mara ya kwanza anawaona wale wasichana. Kisha akaonyesha mmoja kwa ncha ya rula, halafu mwingine.

"Mama yako alinitangulia kwa robo saa," akasema. "Hilo hujaliandika."

Akaivuta karatasi karibu, akaiweka rula chini ya mstari wangu wa mwisho, palipokuwa peupe, akanipa kalamu.