Damu ya Namba Kumi na Saba

Nimelala kwenye stesheni, kwenye maghala, na mara moja ndani ya bomba la saruji, lakini hospitali sikuwa nimewahi kulazwa. Hata siku ile sikwenda kama mgonjwa. Nilimpeleka mdogo wangu, fundi rangi, aliyeteleza kwenye ngazi akaangukia ndoo kwa tumbo. Nilikuwa nimefika kwake juzi tu, kupumzisha miguu kabla ya kuendelea na njia zangu.

Pale chumba cha dharura wana utaratibu wao. Kila anayeingia, awe ameteguka kidole au amezimia, anatolewa damu ya vipimo vya kawaida: chumvi za mwilini, figo, chembe za damu. Majibu yanaingia kwenye kompyuta, nayo inatoa rangi. Kijani, unaweza kusubiri. Njano, uangaliwe kwa karibu. Nyekundu, hali yako inaweza kuharibika wakati wowote, hata kama hapo ulipo unacheka. Haya yote yalikuwa yamebandikwa ukutani, nami nikayasoma mara mbili kwa kukosa kazi.

Mdogo wangu ana miaka hamsini na nane na anapaka ghorofa ya tano akining'inia kwa kamba. Sindano, sasa, hataki hata kuisikia.

"Kaka, tumbo limeshapoa. Twende zetu."

"Mwanamume mzima wewe! Wajukuu wako wakikuona je?"

"Hawapo. Ndiyo maana nasema twende sasa hivi."

Akaenda kujifungia chooni. Mara mpimaji akatokea na kisahani chake cha sindano, binti mwenye haraka, akaita, "Namba kumi na saba!" Kadi nilikuwa nimeishika mimi. Nikapiga hesabu kwa elimu yangu ya kuokoteza: baba mmoja, mama mmoja, hata pua moja, damu zitatofautiana nini?

"Kumi na saba ni wewe, mzee?"

"Ndiye mimi, mwanangu. Choma upesi."

Mdogo wangu alipochungulia, nilimwonyesha pamba mkononi. Akacheka mpaka akalishika tena lile tumbo lake. "Kaka, wewe ungesoma ungekuwa waziri!"

Saa moja haikuisha. Mlango ulisukumwa kwa kishindo, daktari mbele, wauguzi wawili nyuma na kitanda cha magurudumu.

"Kumi na saba! Kumi na saba yuko wapi?"

Mdogo wangu akanyanyua kadi, mabaki ya kicheko yakiwa bado mdomoni. Wakamdaka. Kufumba na kufumbua yuko chali, shati wazi, waya kifuani, muuguzi anapapasa mshipa na mwenzake ameshavuta dawa kwenye sindano.

"Dokta, kuna nini?" nikauliza.

"Potasiamu imepanda vibaya. Ni chumvi ya kwenye damu, ikizidi hivi moyo unasimama. Na figo karibu hazifanyi kazi. Kompyuta imempa nyekundu. Mzee, tupishe."

Niliona ile sindano ikishuka kwenye mkono wa mdogo wangu, dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Nikapiga ukelele ambao sijui niliutoa wapi.

"Msimchome! Hiyo damu si yake! Ni yangu!"

Nilisema kwa fahari kabisa, kama mtu aliyemvuta mwenzake asigongwe na gari. Kisha nikakisikia nilichosema.

Muuguzi akairudisha sindano juu. Mdogo wangu aliinua kichwa kitandani akanitazama, uso umekuwa rangi ya plasta mbichi. Mpimaji, aliyekuwa amefika mlangoni, aliziba mdomo kwa kiganja.

"Mmefanya nini?" daktari aliuliza. "Mnajua dawa hii ingemfanya nini mtu asiyeihitaji?" Halafu sauti ikamshuka. "Mzee, kaa chini. Taratibu."

"Mbona nimesimama vizuri?"

"Najua. Kaa."

Wakatutoa damu upya, wote wawili, safari hii wakituuliza majina mara tatu tatu. Mdogo wangu akapata kijani. Mimi nyekundu ileile, nikalazwa kwenye kitanda alichoshuka yeye.

"Miguu inavimba?" daktari akauliza.

"Ni ya kutembea sana."

"Pumzi inakata?"

"Ni uzee."

"Na mkojo?"

Huo niliuruka, nikamgeuzia swali.

"Kwa hiyo hiyo kompyuta inasema nakufa?"

"Haisemi hivyo. Inasema wengi waliofika na damu kama yako, wakaachwa kwenye benchi, hawakuinuka. Ndiyo maana hatukuachi kwenye benchi."

Mdogo wangu alitaka kucheka, nikaona midomo ikikataa. "Kaka, ungekuwa umelala kwangu tu. Asubuhi ningekuja kukuamsha..."

"Nyamaza."

Akanishika kifundo cha mguu juu ya shuka, akakibana kama naweza kuteremka nikaondoka. Na kweli nilikuwa nimeutazama mlango.

Waliniwekea dripu, wakanipa dawa, wakasema watapima tena saa kumi. Nikamuuliza daktari kama nitaishi.

"Saa kumi nitakuwa na jibu zuri zaidi ya hili."

Saa kumi kasoro robo mpimaji akaingia na kisahani. Nilikuwa nimeshaukunjua mkono kitandani, mshipa juu.