Jina la Kiwiko

Kadi ya kitambulisho ya Mwatumu ilianguka kwenye vumbi nje ya lango la shule, na mtu aliyeiangusha hakujisumbua kuinama.

"Hii umeinunua," alisema kwa Kizulu, akipaza sauti ili foleni nzima isikie. Alikuwa mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu, ingawa jua la Februari lilikuwa linachoma utosi. "Wageni hawaandikishwi hapa. Rudi kwenu, ukapige kura huko."

Ilikuwa Jumamosi ya kuandikisha wapiga kura. Kituo kilikuwa ndani, kwenye ukumbi wa shule ya msingi iliyo nyuma ya Barabara ya Jules, pale mtaa wa Malvern, jimbo la Gauteng. Lakini nje ya lango walikuwa wamejipanga wanaume wanne ambao hakuna mtu aliyewatuma. Walijiita walinzi wa mtaa. Kila aliyekuja walimsalimia kwa Kizulu, na kwa jinsi alivyoitikia ndivyo walivyompima. Bushra, binti yake Mwatumu, alikuwa amepita kama maji. Amezaliwa hapahapa, Kizulu chake hakina kovu. Aligeuka akasema, "Ma, njoo," na mama yake akamjibu, "Tangulia, nakuja." Kisha Mwatumu akaitikia salamu, na lafudhi ya Tanga ikamtangulia kama kengele ya mbuzi.

Hakuwa mgeni wa jana. Alikuja nchi hii akiwa mwari, ameolewa na Bakiri. Walianza kwa kuuza vitambaa chini, juu ya turubai, mpaka wakapata duka la mapazia. Uraia waliupata Bushra alipokuwa anaanza shule. Miaka yote hiyo hakuwahi kupiga kura, maana Bakiri alikuwa na msemo wake: mgeni hapangi viti vya mwenye nyumba. Safari hii aliyemsukuma alikuwa Bushra. Alikuwa ametimiza miaka kumi na minane, na alirudi kutoka shuleni akieleza kwa Kiswahili chake cha kuchechemea: unakwenda kituo cha mahali unapoishi, unachukua kitambulisho, hawadai barua ya mwenye nyumba, unawaambia tu unakaa wapi. Mei unarudi palepale kupiga kura. "Rahisi, Ma. Dakika tu." Mwatumu akasema basi, mwaka huu twende.

Sasa alikuwa amesimama, kadi yake iko chini, na hasira ilikuwa imempanda mpaka masikio yanalia. Lakini yule mwenye kofia hakuwa ndiye aliyemuumiza zaidi. Wa tatu katika wale wanne, aliyeegemea ukuta na kuangalia viatu vyake, alikuwa Vusi.

Vusi alikaa nyumba ya tatu kutoka duka lao. Mama yake alipofariki, Mwatumu alikesha na kina mama wa mtaa akimenya viazi, akakoroga masufuria mpaka mikono ikachubuka kwa mwiko. Gauni jeusi alilovaa mke wa Vusi makaburini lilishonwa na Mwatumu, bure.

"Vusi," alimwita. "Waambie mimi ni nani."

Vusi aliendelea kuangalia viatu.

"Vusi! Nakuita wewe!"

Hapo Bakiri, aliyekuwa amebaki ng'ambo ya barabara, alivuka mbio. Mwatumu alipomwona moyo ukamtua kidogo. Alidhani mume amekuja kusimama naye. Bakiri aliinama, akaokota kadi, akaifuta kwa shati lake. Kisha akawageukia wale wanaume, viganja amevikutanisha kifuani, akasema kwa Kizulu chake kibovu:

"Samahani, kaka zangu. Mke wangu haelewi. Tunaondoka."

Akamshika Mwatumu mkono, akamvuta. Nyuma yao mtu alicheka.

Walipoingia dukani Mwatumu alifunga mlango, akauegemea.

"Umewaomba radhi," alisema.

"Nimekutoa salama."

"Umewaomba radhi, Bakiri! Mimi nimetupiwa kadi yangu chini, wewe unawaomba radhi wao. Sielewi nini mimi? Nini ambacho sikielewi?"

Bakiri alikaa kwenye kiti cha cherehani. Alipofungua mdomo, pengo la meno mawili ya mbele lilionekana, na Mwatumu alijua atakachosema kabla hajakisema.

"Mwaka ule wageni walipopigwa, walinisimamisha hivihivi. Langoni hivihivi. Wakaniuliza kiwiko kwa Kizulu kinaitwaje. Sikujua. Unakumbuka ulinipokea nikiwa na hali gani?"

Alikumbuka. Alimpokea damu imeganda mpaka kwenye soksi, Bushra akiwa mtoto wa mgongoni. Wiki nzima alimlisha uji kwa kijiko. Na kwa kuwa alikumbuka, hasira ilizidi, maana haikuwa na pa kutokea.

"Nakumbuka, Baba Bushra. Ndiyo maana nataka kwenda."

"Wewe unataka haki. Mimi nataka mke aliye hai. Sisi ni wageni hapa, Mwatumu, hata wakitupatia kadi za dhahabu."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Ndivyo tulivyofundishwa kwetu. Mimi jembe nimelishika tangu sina mvi. Nimelipa kodi, nimezaa hapa, nimezika nao, nimewashonea mapazia nusu ya mtaa huu. Ugeni wangu unaisha lini? Nikifa?"

Bushra alifika akihema, fulana imeloa jasho. Alikuwa amejiandikisha, na alipotoka nje akamkosa mama yake. Alipoelezwa, alitupa mkoba wake sakafuni.

"Mimi nilikuwa ndani nacheka na watu! Nilidhani uko nyuma yangu. Kwa nini hukuniita?"

"Ningekuita ungetoka, na wewe wangekuzuia. Nilitaka mmoja wetu aingie."

"Kesho tunarudi," alisema Bushra. "Kesho ni siku ya mwisho."

Asubuhi ya Jumapili Mwatumu aliamka, akaswali, akavaa gauni lake la Idi, akafungua pochi. Kadi haikuwamo. Alipekua mto, droo, mifuko ya koti. Kisha akasimama. Mtu wa mwisho kuishika kadi ile alikuwa mumewe.

Bakiri alikuwa jikoni anakoroga chai. Hakugeuka.

"Nitakupa jioni," alisema. "Wakishafunga kituo. Nikasirikie leo, kesho utanishukuru."

Mwatumu hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Bakiri. Alisogea mpaka alipoweza kunong'ona.

"Yule wa jana aliitupa kadi yangu mavumbini mbele za watu. Wewe umeiiba nikiwa nimelala kitandani pako. Niambie nani kati yenu ni adui yangu."

"Mwatumu, usinifananishe..."

"Nakufananisha. Mimi kwenye lile lango nakwenda, na kadi au bila kadi. Bila kadi nitasimama pale mpaka jioni, bure, nipigwe bure. Chagua."

Kijiko kilisimama ndani ya sufuria. Bakiri aliinua kopo la sukari, akatoa kadi chini yake, akaiweka mezani.

Walitoka watatu. Bakiri alitembea nao, kofia yake ya viua ameishusha mpaka kwenye nyusi. Walipofika kwenye taa za barabarani za mwisho kabla ya shule, robot kama zinavyoitwa hapa, ya kijani ikawaka, Mwatumu na Bushra wakavuka. Mwatumu aligeuka. Mumewe alikuwa amebaki upande wa pili, ameshika nguzo ya taa kama mtu aliye ndani ya basi linalokwenda kasi. Taa ikawa nyekundu, magari yakapita kati yao.

Langoni walikuwa watatu leo, na Vusi mmoja wao. Mwenye kofia ya sufu alimtambua mara moja.

"Huyu tena!"

"Bushra," Mwatumu alisema kwa Kiswahili, "wewe wanakuruhusu. Ingia ndani, mlete mkubwa wa kituo. Kimbia."

Bushra alipenya. Yule mwanamume akajisogeza mpaka tumbo lake likagusa pochi ya Mwatumu. Akainua mkono wake mwenyewe, akaukunja, akajigonga kwenye kiwiko kwa kidole.

"Kama wewe ni wa hapa, hii inaitwaje?"

Kwenye foleni, mwanamke mmoja aliyebeba mtoto aligeuza uso.

Jina la kiwiko Mwatumu alilijua. Alilijua tangu wiki ile ya kulisha uji. Alilirudia akifua, alilirudia akishona, usiku akalirudia gizani mpaka ulimi ukalizoea, kisha akamfundisha Bushra kabla hata hajamfundisha kuhesabu. Lilikuwa pale, nyuma ya meno yake, na lingemtoka bila kosa, na yule mtu angekunja uso na kumwacha apite.

"Ninalijua," alisema kwa Kizulu, kila neno na lafudhi yake ya Tanga. "Sikuambii."

"Unasemaje?"

"Nasema sikuambii! Wewe ni nani hata nikufanyie mtihani? Nani amekupa lango hili? Mume wangu mlimng'oa meno kwa neno hilo. Binti yangu nimemfundisha neno hilo kabla ya jina la bibi yake, kwa ajili ya watu kama wewe. Basi leo sisemi. Nipige, hawa wote wanaona, lakini sisemi!"

Sauti yake ilikuwa imepasuka, wala hakujali. Akamgeukia Vusi.

"Na wewe! Viatu vyako vina nini leo? Nyumbani kwako nimemenya viazi mpaka alfajiri. Hukuniuliza kiwiko siku ile."

Vusi aliinua uso kwa mara ya kwanza. Ulikuwa umemwiva kwa aibu.

"Mwache apite," alimwambia mwenzake, sauti chini. "Namjua. Ni mtu mzuri."

"Sitaki kuachwa nipite!" Mwatumu alifoka. "Sikuomba ruhusa yako! Jana ndipo ulipotakiwa kunijua!"

Wakati huo mkubwa wa kituo alitoka, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, Bushra mbele na askari mmoja nyuma. Hakuwa na maneno mengi. Alisema kuzuia watu kujiandikisha ni kosa la jinai, kwamba hakuwa na habari ya jana, na kwamba askari huyu atasimama hapa langoni mpaka jioni. Mwenye kofia alibishana, akaonyesha vidole, akatema mate ukutani. Mwishowe aliondoka, na wa pili akamfuata. Vusi alibaki kidogo kama anayetaka kusema jambo, kisha naye akaenda zake. Mwatumu hakumsindikiza hata kwa macho.

Ndani ilikuwa kweli dakika tu. Kijana mwenye mashine ya kuandikisha alisoma kadi yake, akamwuliza anakaa wapi, wakatafuta nyumba pamoja kwenye ramani iliyo kwenye kioo cha mashine, Mwatumu akatia saini. "Asante, mama, umeshaandikishwa," alisema kijana. Mwatumu aliitazama ile mashine ndogo na hasira ikamrudia upya. Kumbe ni hivi tu. Miaka yote hii ya kuogopa, na meno ya mtu, kumbe ni hivi tu.

Mei ilipofika, siku ya kura, foleni ilizunguka shule. Baridi ya asubuhi ilikuwa kali. Langoni hapakuwa na mtu isipokuwa askari aliyekuwa anapiga miayo. Bushra alikuwa na kila swali la duniani, akasoma bango la maelekezo mara mbili kwa sauti. Walipofika mbele, majina yao yalitafutwa daftarini, yakapigwa mstari, ukucha wa kidole gumba ukapakwa wino. Mwatumu alipewa karatasi tatu: mbili za bunge la taifa, moja ya jimbo la Gauteng. Nyuma ya kibanda cha karatasi ngumu alisimama muda mrefu kuliko alivyohitaji. Vyama vilikuwa vingi kama bei za soko. Baadhi, kwenye mikutano yao, walikuwa wameahidi kuwafukuza watu kama yeye. Hao aliwatafuta kwanza, akawasoma majina mmojammoja. Kisha akaweka alama zake mahali pengine, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Alipotoka alimkuta Bakiri nje ya ua wa shule, na chupa ya chai. Alikuwa amevuka ile robot. Alimimina kikombe, akampa mkewe kwa mikono miwili.

"Ulimpa nani?" aliuliza.

"Kura ni siri."

"Hata kwangu?"

"Kwako hasa."

Bakiri aliupokea ukali huo bila kujitetea. Alitazama ukucha wenye wino wa binti yake, akatazama wa mkewe. "Uchaguzi wa madiwani," alisema baadaye, "nao wanaandikisha hapahapa?"

"Hapahapa," alisema Bushra.

"Baba yako akitaka," Mwatumu alisema, "ataamka mwenyewe, atachukua kadi yake mwenyewe. Mimi nitakuwa dukani."

Akanywa chai yake. Ilikuwa na sukari nyingi, kama anavyoipenda, na hakusema asante.