Gome la Shangazi

Shangazi alikuwa fundi cherehani mpaka vidole vilipoanza kumvimba. Sindano ikawa haishikiki, na cherehani yake ikageuka meza ya kuwekea redio. Kila asubuhi alichemsha magome ya mti ulioota nyuma ya nyumba, akayanywa yale maji machungu huku amekunja uso kama anayesomewa hukumu. Baada ya hapo maumivu yalimpa nafasi kidogo.

Binti wa kaka yake, ambaye alimlea tangu hajaota meno, alikuwa mkemia. Shangazi alimwita Mama Chupa. Mama Chupa alikuwa amejifunga kibwebwe kutafuta ni kitu gani hasa ndani ya gome kinachotuliza uvimbe. Alilisaga, akaliloweka kwenye spiriti, akalichuja, kisha akamimina maji yake ya kahawia kwenye bomba refu la kioo lililoshindiliwa unga mweupe. Humo rangi zilishuka polepole zikiachana njiani, naye akazikinga kila moja kwenye chupa yake. Alipozijaribu kwenye chembe hai za mwili, zilizochokozwa makusudi ziwake kama kwenye uvimbe, nyingi hazikufua dafu. Ya manjano peke yake ndiyo iliyozituliza.

Na hiyo ya manjano ndiyo iliyomponyoka. Alikuwa akiikausha juu ya maji ya moto, simu ikaita, akageuka kuipokea. Nyuma yake chupa ikafoka, dawa yote ikaishia kwenye beseni. Simu yenyewe ilitoka kwa shangazi, anataka mkate.

Alirudi nyumbani na mkate, macho mekundu.

"Nani kakuliza?" shangazi akaruka.

"Wewe."

Alipoelezwa, shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaona mwenzake hacheki, akamsogelea.

"Magome yamekwisha?"

"Yote."

"Na mti?"

"Mti upo."

"Sasa unalia nini, mwanangu?"

Kesho yake wakatoka wote wawili. Shangazi aling'ang'ania kisu, kikamshinda, akajipa cheo cha msimamizi. "Taratibu! Huo mti, si kiazi!" Mama Chupa akabandua upande mmoja tu, mti usije ukafa, akaanza kazi upya, safari hii simu imezimwa.

Mwishowe ile ya manjano, ilipotakaswa tena na tena, ikamwachia punje nyeupe zinazometa kama chumvi chini ya chupa. Akazijaribu, zikatuliza kuliko rangi zote. Akakimbilia nyumbani kumwambia shangazi.

"Lete nilambe!"

"Haiwezekani, shangazi. Bado si dawa. Lazima ipimwe kama haina madhara, na hiyo ni miaka."

"Mingapi?"

Mama Chupa akainama. Jambo hilo alilijua siku zote, ila hakuwahi kulitamka. "Pengine mingi kuliko..."

"Kuliko niliyobakiza? Sema tu, sivunjiki." Shangazi akamshika kidevu kwa vile vidole vyake vigumu. "Mimi maji yangu machungu yananitosha. Hiyo watakunywa wengine. Ila kuiona, naiona mimi kwanza."

Basi akapelekwa maabara, akavishwa koti jeupe lililomfika kwenye vifundo vya miguu. Akainamia darubini kuzitazama zile punje nyeupe, akakataa kuinuka.

"Mbona nzuri hivi," akanong'ona, "na gome lenyewe baya vile?"

Kisha akajinyoosha, akawageukia wakemia wote waliokuwamo, akapaza sauti bila haya: "Huyu mnayemwona hapa, nimemlea mimi!"