Mkono Unaojua Moto

Mimi ni dobi. Miaka thelathini nimeshika pasi, na pasi naipima kwa kiganja cha kulia: nakisogeza karibu na chuma, nahesabu mpaka tatu, najua kama inafaa hariri au jinzi. Vile vitaa vya pasi za siku hizi wasome wengine. Hata maji ya kuogea ya wanangu niliyapima kwa kiganja hichohicho, na hakuna aliyeungua. Ndiyo maana binti yangu alipopata mimba nilimwambia, "Mtoto huyo nitamwogesha mimi. Usiniletee mtu mwingine hapa."

Kisha nikaanguka ngazini na furushi la mashuka. Nilipozinduka hospitalini, mkono wa kushoto ulikuwa umelala kando yangu kama taulo la mtu mwingine, na mguu wa kushoto nao umegoma. Mkono wa kulia ulikuwa mzima. Nikakunja ngumi, nikakunjua. Nikasema, afadhali, mkono wa kazi upo.

"Huo ndio wa kuogopa," alisema Bwana Nyundo.

Bwana Nyundo ni jina nililompa mimi, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa ajili ya kinyundo chake cha mpira. Aligonga goti langu la kushoto, na mguu ule ambao mimi nimeubembeleza wiki nzima bila jibu ukarusha teke, nusura umvue miwani.

"Ala! Kumbe unaweza! Unanifanyia jeuri?"

"Si jeuri, mama. Hapo goti halikwenda kuomba ruhusa kichwani. Habari imeingia kwenye uti wa mgongo, ikageuka palepale, ikarudi na amri. Kichwa kinakuja kuambiwa baadaye."

Akaniambia nifumbe macho. Alinigusa na vichupa viwili vya maji, kimoja cha moto, kingine cha baridi. Kwa mkono wa kushoto nilivitaja vyote bila kukosea. Akahamia wa kulia.

"Nini hiki?"

"Kitu kimenigusa."

"Cha moto au cha baridi?"

"Kitu tu."

Nilipofumbua macho alikuwa ameshanichoma pini mara tatu kwenye kiganja. Mimi nilikuwa nasubiri aanze.

Alivuta stuli akakaa. Ndani ya uti wa mgongo, alisema, zinapita njia za mishipa ya fahamu, na zangu zimebanwa shingoni, upande wa kushoto tu. Amri za kusogeza mkono wa kushoto zinashukia upande huohuo, kwa hiyo zimezibwa. Lakini habari za moto na maumivu kutoka mkono wa kulia zikishaingia kwenye uti zinavuka ng'ambo, zinapanda kwa kushoto. Nazo zimekuta njia imefungwa.

"Yaani unaosogea hausikii moto, na unaosikia moto hausogei."

"Umeshika vizuri kuliko wanafunzi wangu."

"Ni nani huyo aliyefunga kamba ovyo namna hii? Mimi kamba za kuanikia nguo sizifungi hivyo."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia, "Binti yangu asijue habari za mkono wa kulia." Angejua, asingenipa mtoto. Alinitazama, akasema hiyo ni kazi yangu kumwambia, si yake. Sikumwambia.

Nilirudi nyumbani na fimbo. Watu waliokuja walinishika mkono wa kushoto, wakausikitikia, wakaniambia nijikaze kisabuni. Nikajikaza. Sikuwa na uchungu wala furaha, nilikuwa nipo tu. Siku ya tano ya kurudi kwenye pasi nilinusa kitu kinaungua, nikadhani ni kola ya mteja. Kumbe ni mimi. Kiganja kilikuwa kimegusa chuma, na hapo nilikuwa nimehesabu mpaka tatu, nikarudia tena, nikingoja joto. Nililitazama lile lengelenge kama ninavyotazama doa kwenye shati, nikalifunga kitambaa. Binti nikamwambia nimejikata na zipu.

Mjukuu akazaliwa. Walinipigia simu nikiwa nakunja foronya. Nikasema, "Haya," nikamaliza foronya zilizobaki. Baadaye nilijilazimisha nifurahi. Haikuja. Niliogopa kwamba pasi haikunichoma mkono peke yake.

Siku kumi za mwanzo nesi alitaka mtoto afutwe kwa kitambaa tu, mpaka kitovu kidondoke. Siku ya kumi na moja kikadondoka. Binti yangu alikuja nacho kwenye pamba, anacheka kama ameokota johari.

"Bibi, kazi yako hiyo. Kaandae maji."

Niliweka beseni la bluu kwenye meza ya kupigia pasi, chumba cha nyuma. Sufuria mbili za kulowekea nguo zilikuwa zinachemka jikoni, mvuke umetanda hadi chumbani humo. Nikamimina maji ya baridi, nikaongeza ya moto. Nikafungua kitambaa cha lengelenge, nikatia kiganja. Maji yalikuwa maji tu. Nikaongeza ya moto. Nikatia tena. Maji tu. Nikaongeza.

Binti akaingia na mtoto, yu uchi, miguu amekunja.

"Tayari, mama?"

"Tayari."

Alimshusha mpaka juu ya beseni. Kisha akaniangalia akasema, "Unajua sikulala kwa hofu ya siku hii? Halafu nikakumbuka wewe upo."

Jamani. Nilikitazama kiganja changu. Lengelenge lilikuwa limepasuka, ngozi inaelea, na mimi sikuwa na habari.

"Ngoja!"

Niliuokota mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, nikautumbukiza.

Ulitoka wenyewe. Mkono uliolala miezi minne ulijikunja ukaruka nje, ukanipiga kifuani, maji yakamwagika, na maumivu yakanifika baadaye. Nikapiga ukelele.

"Mama!" Binti alikuwa analia na kucheka. "Umesogea! Mkono umepona!"

"Haujapona! Mtoe mtoto hapo! Maji yanaunguza!"

Alirudi nyuma mpaka ukutani, mtoto kamgandisha kifuani. Nikamwambia yote: pini, zipu, pasi, mara ngapi nimeongeza maji nikingoja joto. Nilijua nimeshampoteza mjukuu, nikaanza kutafuta fimbo yangu.

Binti akamlaza mtoto kwenye rundo la taulo. Akamimina maji ya baridi kwenye beseni. Kisha akaja, akauchukua mkono wangu wa kushoto, ule mwekundu, akautia ncha za vidole majini.

"Hapa?"

"Bado. Moto."

Akaongeza ya baridi. Akautia tena.

"Hapa?"

Yalikuwa ya vuguvugu. Nilisikia vuguvugu, mpaka kwenye kifundo.

"Hapo," nikasema, nikaanza kulia, mara ya kwanza tangu ngazini. Akanitia mtoto kwenye mkono wa kulia, na wa kushoto akauacha mlemle majini.