Kapu la Serikali

Kila mwezi, kuanzia tarehe mosi hadi tarehe kumi, Nukta alizunguka soko na mitaa ya jirani akiwa na daftari la jalada la kijani, akiuliza bei za vitu ambavyo hakuwa na nia ya kuvinunua. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Idara ya Takwimu ilikuwa na orodha ya vitu na huduma mia mbili na arobaini, tangu unga hadi misumari, tangu nauli hadi kunyoa nywele, na orodha hiyo iliitwa kapu. Bei za kapu zikishajumlishwa, Wizara ilijua maisha yamepanda kwa kiasi gani, na kwa namba hiyo moja iliamua mishahara ya walimu, riba za benki, kodi ya sukari na mambo mengine mazito ambayo sisi wengine hukutana nayo redioni yakiwa yameshaamuliwa. Wauza nyanya hawakuwa na habari na hayo. Wakimwona anatokea walianza kucheka mapema.

"Haya, Dada Bei huyo! Mteja wetu asiyenunua!"

Jina la Nukta alipewa na baba yake, ambaye ni fundi saa. Alizaliwa kadogo mno, na mkunga akasema kitoto hiki hakimalizi wiki. Fundi akajibu kwamba nukta sitini hufanya dakika, basi mwacheni ahesabu. Akahesabu mpaka akafika miaka thelathini na moja. Mama yake alipofariki, baba na binti walibaki wawili katika nyumba ya vyumba viwili, na Nukta alirithi saa ya mkononi ya marehemu. Kila mwaka Fundi aliifungua, akaisafisha, akakwangua alama yake ndani ya mfuniko: msalaba mdogo na tarakimu za mwaka, kama mafundi saa wafanyavyo ili kujua kazi ya nani ni ipi.

Kibanda chake cha kioo kilikuwa kwenye kona ya soko. Ukutani, nyuma ya kiti, alikuwa amebandika kwa pini nne picha ya Nukta akiwa amevaa joho la kuhitimu chuo, na mteja yeyote aliyeleta saa aliondoka ameshasimuliwa habari za joho lile, apende asipende.

Nukta naye alikuwa mnyoofu kupita kiasi. Kanuni za idara zilikataza mkusanya bei kuchukua bei kwa ndugu yake, na chini ya kila fomu palikuwa na swali: uhusiano na mtoa bei, upo au hakuna. Kwa hiyo bei ya kutengeneza saa aliichukua kwa fundi mwingine, ng'ambo ya barabara. Yule alipofunga kibanda akarudi kwao kuuguza, katika kanda yote ya Nukta alibaki fundi saa mmoja tu. Mwenzangu na mimi tungefumba jicho moja tukaandika. Nukta aliandika "Haikupatikana", mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu, huku baba yake akimwona anapita mbele ya kibanda na daftari lake.

"Unanipita kama hunijui!" alimtania. "Mkataa kwao mtumwa, mwanangu."

"Baba, niko kazini."

"Na mimi niko wapi, msibani?"

Mwaka ule Waziri alikuwa ameahidi hadharani kwamba mfumuko wa bei hautavuka asilimia tano. Bei hazikumsikia Waziri, zikaendelea kupanda. Basi likatoka agizo la kupitia upya kapu: kitu chochote kinachopandisha namba, na ambacho wakusanya bei wameshindwa kukipata miezi mitatu mfululizo, kiondolewe. Vya kwanza kuondolewa vilikuwa chimni za taa za mafuta na ukarabati wa miavuli. Nukta alipopewa orodha mpya alifurahi, maana mzigo umepungua.

Jumatatu iliyofuata aliingia duka la vyombo. Mwenye duka, ambaye kwa miaka minne alikuwa akimsomea bei kabla hajaulizwa, alimtajia sufuria, sahani na ndoo. Kwenye rafu ya juu palikuwa na vumbi, na ndani ya vumbi duara kumi na mbili safi, zimejipanga sawasawa.

"Chimni zote zimenunuliwa?" Nukta aliuliza.

"Chimni ndiyo nini?"

"Vioo vya taa za mafuta. Si vilikuwa pale juu?"

"Dada Bei, taa ya mafuta ndiyo ipi?"

Mwenye duka alikuwa mtu wa mizaha, na Nukta alisubiri acheke. Hakucheka. Alimtazama kwa huruma, kisha akamuuliza kama amekula. Duka la pili wakamuuliza vilevile, chimni ndiyo nini.

Alikwenda hadi pale alipokuwa akikaa fundi wa miavuli, chini ya ukuta wa stoo ya mbao. Hapakuwa na mtu. Ardhi ilikuwa imelainishwa na miguu ya wateja wa miaka mingi, na katikati yake ulilala waya mmoja mwembamba wa mwavuli. Muuza maji wa jirani aliapa kwamba hapo hajawahi kukaa mtu.

Nywele zilimsimama Nukta. Aliokota ule waya, akaurudisha chini haraka, akaelekea ofisini karibu na kukimbia.

Ghorofa ya tatu alikaa karani mkongwe aliyeitwa Mzee Jedwali, mtunza majedwali na muhuri. Nukta alimsimulia yote bila kupumua. Mzee hakushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Funga mlango," alisema. "Binti yangu, serikali haiwezi kuzuia bei zisipande. Imeshajaribu, imeshindwa. Lakini kinachotoka kwenye kapu, kikishapigwa muhuri, hakipandi tena. Hakipo."

"Na watu?"

"Watu huenda na kazi zao."

"Mbona mimi nakumbuka?"

"Kwa sababu kimo kwenye daftari lako. Daftari likijaa, linapelekwa ghalani, na wewe utasahau kama wengine. Mimi nilikuwa na kaka, fundi wa taipureta. Tulilala kitanda kimoja mpaka tukaota ndevu."

"Alikwenda wapi?"

"Nani?" Mzee Jedwali aliuliza.

Walitazamana. Macho ya mzee yalikuwa matulivu kabisa, kisha akavuta karatasi iliyokuwa mbele yake na kuendelea kana kwamba hakikusemwa kitu. "Hii ndiyo orodha ya robo ijayo. Inapigwa muhuri leo, saa sita kamili. Kusahau huanza kabla."

Kitu cha kwanza kwenye orodha kilikuwa ukarabati wa saa. Sababu: haikupatikana miezi mitatu, kanda ya soko. Chini yake palikuwa na sahihi ya Nukta, safi, yenye mkia aliojifunza shuleni.

Alitaka kujua kama inaweza kufutwa. Mzee akatikisa kichwa: kilichoandikwa hakifutwi, ila ikiletwa fomu yenye bei kutoka kanda ile ile kabla ya muhuri, kitu hubaki kapuni. Ilikuwa saa nne na nusu.

Nukta alipekua kanda nzima. Aliuliza kwa mafundi simu, kwa mafundi redio, kwa mchonga mihuri. Wote walimwelekeza kona ile ile: si yule mzee wa kwenye kioo? Saa tano na nusu alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha baba yake, jasho linamtoka. Mwanamume mmoja alikuwa hapo na saa mkononi, ameduwaa.

"Hivi nilikuja kufanya nini hapa?" mwanamume yule alijiuliza kwa sauti, akaiweka saa mfukoni, akaondoka.

"Wa tatu leo," Fundi alisema, akikuna kichwa. "Sijui wamekula nini."

"Baba, kusafisha saa na kubadilisha betri ni bei gani?"

Fundi alivua lenzi jichoni. Aliwatazama wapita njia mmoja mmoja, kama anayetafuta mashahidi.

"Jamani, leo naulizwa bei na serikali! Elfu tatu. Kwako wewe bure, Nukta, lakini andika elfu tatu, wasije wakasema fundi hana thamani."

Aliandika. Alipofika mstari wa mwisho, ule wa uhusiano, mkono ukagoma. Angeandika "upo", fomu ingetupwa, na saa sita baba yake angekuwa sehemu tupu kwenye kona. Angeandika "hakuna", angekuwa amemkana mzazi wake kwa maandishi. Alijiambia kwamba ni alama tu, kialama kidogo kwenye kisanduku, na kwamba Mungu hasomi fomu. Akaweka alama kwenye "hakuna". Fundi alikuwa akimtazama kwa tabasamu la fahari, hakuona kilichoandikwa.

Saa sita kasoro dakika tatu, Mzee Jedwali alishika ile fomu, akaisoma mpaka chini, akairudia.

"Una uhakika na hili la mwisho?"

"Nina uhakika."

"Binti, wenye lugha walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hapo wamesema kusemwa tu. Hawakutaja kuandikwa."

"Piga muhuri, mzee wangu. Nakuomba."

Mzee akapiga.

Nukta alirudi sokoni akitembea upesi, na alipofika konani akakiona kibanda kipo, kioo kinang'aa, na nyuma yake kichwa chenye mvi kimeinamia kazi, machozi ya furaha yalimtoka palepale barabarani. Aliyafuta kwa kiganja akasogea.

"Baba!"

"Karibu, dada," alisema Fundi.

Alidhani anataniwa. Alicheka. Kisha akatazama ukutani nyuma ya kiti. Picha haikuwepo. Palikuwa na matundu manne ya pini, na katikati ya matundu hayo ukuta ulikuwa na rangi mpya kuliko kwingine.

"Una tatizo gani na saa?" Fundi aliuliza kwa upole, ule upole wa kazini. "Lete niione, usilie. Saa hazifi, huchoka tu."

Aliivua saa ya mama yake akampa. Fundi aliifungua kwa kisu chake kidogo, akaweka lenzi jichoni, akaigeuza kwenye mwanga. Ndani ya mfuniko kulikuwa na misalaba tisa, mmoja chini ya mwingine, kila mmoja na mwaka wake.

"Ajabu," alisema. "Alama ni zangu. Mkono ni wangu, kabisa. Umeipata wapi hii?"

"Ya mama yangu."

"Basi mama yako alikuwa mteja mzuri. Msalimie sana." Akainua kichwa akamtazama usoni, akijitahidi kukumbuka kwa dhati, kama mtu mwema yeyote. "Samahani, dada. Wateja ni wengi, na mimi sikujaliwa watoto wa kunisaidia kukumbuka. Itakuwa elfu tatu."

Nukta alihesabu elfu tatu, akaziweka juu ya kioo. Kisha akafungua daftari la kijani. Zilikuwa zimebaki kurasa nne kabla halijajaa likapelekwa ghalani. Akachonga penseli hadi ikawa sindano, akaandika tarehe, huduma, bei, na pembeni, mahali ambapo hapakutakiwa kuandikwa chochote, neno "baba". Aliliandika kwa herufi ndogo kuliko zote alizowahi kuandika, akaapa kwamba kuanzia siku hiyo hataandika kubwa zaidi ya hapo.